Siku 2,737 za Dishi la Burrendah

Burrendah, New South Wales
6 Machi 2023

Kwa Dk. Linh Dao,

Salamu nimeziacha mwisho wa barua. Ukifika huko bila kuitupa, zichukue.

Nimesikia kutoka kwa waliobaki kituoni kwamba kikundi chenu huko Melbourne kinakaribia kuamua kutupa vipimo vyote vya dishi letu la kusikilizia nyota kuanzia tarehe 12 Januari 2004 hadi 11 Julai 2011. Sababu mliyotoa ni kwamba “haviaminiki.”

Aliyevipima ni mimi. Jina langu hulijui kwa sababu halijaandikwa popote: Mervyn Tregilgas, fundi wa kituo kwa miaka thelathini na mmoja, mstaafu tangu 2014. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na mitano, nikaenda kutengeneza injini katika mabanda ya kukatia kondoo manyoya. Umeme nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba ya mji, na vingine nilivisoma mara tatu kwa kuwa hapakuwa na wa kumwuliza.

Basi tuhesabu. Kati ya tarehe hizo kuna siku 2,737. Kila wiki ya tatu tulizipima nyota zenu ishirini, yaani vikao 130. Katika hivyo 130 nilikuwepo 127. Viwili nilikuwa hospitali natolewa jiwe la figo, kimoja nilikuwa namzika baba. Vipimo 2,600. Nionyeshe daktari mmoja kwenu aliyekaa na kitu kimoja siku 2,737, hata kama ni mke.

Mnaniambia haviaminiki. Nataka sababu, na nataka iwe na tarakimu. Na ijibiwe kwa karatasi. Barua pepe watu husoma mstari wa kwanza wakajibu wa pili.

Salamu, kama zimebaki.

M. J. Tregilgas


Melbourne
15 Machi 2023

Bwana Tregilgas,

Salamu zilikuwepo, nimezichukua. Na barua yako nimeisoma yote, mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Unastahili sababu. Niruhusu nianze mbali kidogo, maana sijui kama waliokutuma kupima waliwahi kukuambia unapima nini.

Mama yangu ni mshonaji, pale Footscray. Nilipokuwa mdogo nililala sakafuni chini ya meza yake, na nilijua ni mashine ngapi zinafanya kazi chumba cha pili bila kuziona. Mashine moja ilikuwa na mtetemo wake. Zikiwa mbili, mtetemo ulipanda na kushuka, ukapanda tena. Kazi yangu ya leo ni ileile. Kuna galaksi moja ya mbali ambayo mwanga wa kiini chake huongezeka na kupungua kwa zamu, na tunashuku kwamba ndani yake yamo mashimo meusi mawili, kila moja zito kuliko jua mara mabilioni, yanazungukana. Darubini ya kuonea haiwezi kuyatenganisha. Yako karibu mno. Lakini yakizungukana hutikisa anga lenyewe, na mtikiso huo hutufikia kama wimbi.

Sakafu yetu ni zile nyota zako ishirini. Zimekufa, zinajizungusha mamia ya mara kwa sekunde, na kila mzunguko hutuma pigo moja la redio, kwa uhakika kama saa. Wimbi likipita, mapigo ya nyota za upande mmoja wa anga huwahi na ya upande mwingine huchelewa, kwa nanosekunde thelathini hivi. Nanosekunde, sina haja ya kukuambia wewe, ni sekunde moja uliyoigawa mara bilioni.

Sasa tarakimu. Kuanzia mwanzoni mwa 2006 hadi Julai 2011 kilipofungwa kinasa kipya cha mapigo, nyota zote ishirini zinawahi kwa pamoja, karibu nanosekunde sitini. Zote. Hakuna wimbi linalofanya hivyo. Nyota ishirini haziwezi kula njama. Ni saa ya kituo, au kitu kati ya saa na kinasa. Na kibaya zaidi, katika kikao cha kwanza cha ruka hilo, yaani huko kuwahi kwa ghafla, nyota tisa bado ziko sawa na kumi na moja zimeshawahi. Kikao hicho kimoja kinaigiza wimbi vizuri kiasi kwamba mwaka jana tulifungua chupa kwa ajili yake. Nilikunywa, nikaja kuona aibu.

Ningeweza kukisia ukubwa wa ruka na kuliondoa. Lakini lilidumu miaka mitano na nusu, na wimbi tunalotafuta huchukua miaka minne na miezi mitano kupanda na kushuka. Nikikosea kwa nanosekunde kumi, kisio langu litalimeza wimbi, au litaliumba pasipokuwa na kitu. Miaka miwili iliyotangulia ruka nayo inabaki inaelea, haiunganiki na ya baadaye. Ndiyo maana wenzangu wanataka kuikata yote. Kura ni tarehe 12 Mei.

Daftari la kituo la mwaka 2006 nimelisoma ukurasa kwa ukurasa. Halisemi chochote. Je, kuna kilichobadilishwa?

Linh Dao


Burrendah
24 Machi 2023

Daktari,

Hilo la mashine za mama yako nimelielewa kuliko mhadhara wowote niliousikia kituoni, na mihadhara hiyo niliisikiliza nikiwa juu ya ngazi nabadilisha taa, kwa sababu viti vilikuwa vya wageni.

Swali lako nalijibu hivi. Daftari la kituo ndilo sheria. Ambacho hakikuandikwa hakikufanyika. Umeangalia jua? Umeangalia mahali mlipoiweka sayari ya Sumbula, ile kubwa kuliko zote, katika hesabu zenu? Kosa dogo hapo nalo huleta mtikiso wa miaka mingi, nimelisoma hilo. Umemwuliza Rowan Ashdown? Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, na bamba lenye jina lake limepigiliwa ukutani pale wanapopita watalii. Mwenye bamba ndiye mwenye majibu.

Mimi Februari 2006 niliendesha dishi kama kawaida. Kikao kimoja mwezi ule, kilikamilika, hakuna nyota iliyorukwa. Kama mnatafuta mtu wa kumbebesha lawama, fundi yuko karibu siku zote, najua. Lakini vipimo vyangu ni safi.

M. J. Tregilgas


Melbourne
3 Aprili 2023

Bwana Tregilgas,

Jua nimeliangalia, Sumbula nimeiangalia. Kosa la mahali pa sayari huziwahisha nyota za upande mmoja na kuzichelewesha za upande wa pili; haliwahishi zote. Kwa Bwana Ashdown nilipiga simu. Alikuwa mpole. Alisema saa haikuguswa wakati wake, na kwamba mafundi walikuwa “wazuri sana, wa kukaza skrubu.”

Mimi niliandika “mwanzoni mwa 2006.” Februari umeitaja wewe.

Simbebeshi mtu. Nikiwa mkweli, katika kikundi cha watu arobaini na watatu niko peke yangu nisiyetaka kukata, na sababu yangu si huruma. Bila miaka yako nina miaka kumi na moja na miezi tisa, ambamo wimbi limepanda na kushuka mara mbili na nusu tu; chochote hupanda na kushuka mara mbili na nusu, hata bei ya vitunguu. Nikiwa nayo ni zaidi ya mara nne. Hakuna dishi jingine katika nusu yetu ya dunia lililozipima nyota hizi miaka hiyo. Ni lako tu.

Ninachohitaji ni saa, tarehe, na ukubwa wa ruka, pamoja na namna ya kuthibitisha. Siku zilizobaki ni thelathini na tisa.

Linh Dao


Burrendah
17 Aprili 2023

Linh mpendwa,

Hunijui. Mimi ni Noreen, mke wa Merv. Hajui kama nakuandikia, na barua hii naipeleka posta mwenyewe kwa kisingizio cha kwenda kununua unga.

Barua yako ya mwisho aliisoma mezani, akaikunja, akaenda kwenye banda lake la vifaa akakaa hadi chakula kikapoa. Tangu hapo kila asubuhi anakwenda huko. Hafanyi kitu, nimechungulia. Anakaa juu ya kiti cha trekta anaangalia misokoto miwili ya kebo iliyoning’inia ukutani, ambayo nimemwambia miaka kumi na miwili aitupe na hakubali.

Sijui kisa chake. Najua alipourudisha mmoja nyumbani, kiangazi kile cha joto baya, hakusema neno siku mbili, na Merv ukimjua kimya si desturi yake. Hata usingizini hulalamika. Nilimwuliza jana. Nikamwambia, “Mzee, kama ni jambo la kumwambia yule binti, mwambie kabla hawajafunga mlango.” Akanijibu kwamba mtu aliyekwenda shule akikosea huitwa mtafiti, na asiyekwenda akikosea huitwa mharibifu. Nikamwambia basi afadhali mharibifu mwenye vipimo kuliko bubu asiye navyo. Akaondoka.

Nilidhani nimeharibu. Lakini leo ameteremsha misokoto yote miwili ameipanga nyasini, anaipima kwa utepe. Naona mwache. Usimwandikie mpaka yeye aandike. Ukimsukuma husimama kama kondoo mlangoni.

Noreen Tregilgas


Burrendah
22 Aprili 2023

Dk. Dao,

Andika: Jumanne, tarehe 14 Februari 2006, saa tano na dakika ishirini asubuhi kwa saa ya ukutani ya kituo.

Siku ile joto lilikuwa nyuzi 43. Kibanda cha kebo hakina kipoza hewa, nami nilikuwa nimeacha mlango wazi ili upepo upite. Niliuacha mimi, si mwingine. Kasuku weupe wenye kishungi waliingia. Wewe ni mtu wa mjini, labda huwajui hawa ndege. Wanatafuna mbao, mabamba ya risasi ya paa, vifuta vya kioo cha gari, si kwa njaa, kwa ufedhuli tu. Waliichambua kebo inayopeleka mdundo wa saa ya atomiki kwenye kinasa mpaka waya ukaonekana. Tulikuwa katikati ya kikao. Nyota tisa zilikuwa zimeshapimwa, kumi na moja bado.

Kanuni ilikuwa hivi: kebo ya saa ikiguswa, dishi linasimamishwa, unapigia simu makao makuu, unasubiri mtaalamu aje kupima upya. Wastani siku kumi na mbili. Nilikuwa na kebo ya akiba. Niliifunga kwa dakika thelathini na nane, nyota ya kumi ilipimwa kwa wakati wake. Kwa ufundi sijawahi kufanya kazi nzuri zaidi ya ile, nakuambia bila haya. Lakini ya akiba ilikuwa ndefu, na hapakuwa na muda wa kuikata. Mdundo ulipita njia ndefu, ukakifikia kinasa umechelewa, kwa hiyo kila kinachofika kikaandikwa kimewahi. Ndivyo ulivyoona.

Sasa kwa nini sikuandika. Jioni ile nilichukua daftari nikamfuata Ashdown niandike mbele yake. Alikuwa na wageni kumi na mmoja, wa ng’ambo. Nilianza tu kusema “ile kebo ya saa,” akanigeukia akacheka nao, akasema: “Merv, wewe kaza skrubu. Saa tuachie sisi.” Wale wageni wakacheka kwa adabu, kama watu wasioelewa utani lakini wamelishwa vizuri.

Nikafunga daftari. Nilijiambia, haya, saa nimewaachia. Watanifuata wenyewe kuuliza. Hakuna aliyeuliza. Baada ya mwezi ikawa vigumu kusema, baada ya mwaka ikawa haisemeki, maana sasa ningekuwa mtu aliyeficha. Na nilificha. Ashdown alinikosea sentensi mbili. Nami kwa sentensi mbili hizo nimezikosea nyota miaka mitano na miezi mitano. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi na haijawahi kunitokea vizuri.

Kinasa kipya kilipokuja Julai 2011, kilikuja na kebo yake. Ile ndefu niliileta nyumbani. Ile iliyotafunwa nilikuwa nimeshaileta siku ilipotolewa. Tofauti ya urefu kwa utepe wangu ni mita 13.6. Mdundo huchukua nanosekunde tano kwa mita katika kebo za aina hii. Kwa hiyo nanosekunde 68.

Lakini usiniamini mimi. Zote mbili zinakuja kwako kwa lori la Alhamisi, katika sanduku la mbao. Zipime kwa mashine zenu. Ile yenye alama za midomo usiikate ncha. Nimeweka humo pia daftari langu la mfukoni la mwaka ule, ukurasa wa tarehe 14: kuna joto la siku, saa, na maneno matatu, “kebo, mbili, baadaye.”

Sasa mnaweza kukata kwa sababu ya kweli, au kuacha kwa sababu ya kweli. Ile iliyokuwepo haikuwa sababu.

Merv Tregilgas


Melbourne
16 Mei 2023

Merv,

Kama unaruhusu nikuite hivyo. Nimekaa na kebo zako siku tisa, nadhani tumezoeana.

Sanduku lilifika likiwa na misumari ya kutosha nyumba. Tulizipima mimi na fundi wetu wa hapa, mara hamsini kila moja, kwenye joto la nyuzi 20 kisha la 40. Tofauti ni nanosekunde 68.3. Utepe wako umekosea sifuri nukta tatu, na nadhani hapo anayekosea ni mimi.

Niliondoa 68.3 kuanzia saa tano na dakika ishirini ya tarehe 14 Februari. Nyota kumi na moja zilirudi mahali pake, zikakaa sambamba na zile tisa. Kile kikao tulichokifungulia chupa kikawa kikao cha kawaida kabisa, kizuri, kisicho na jambo. Kisha nikaangalia miaka yote kumi na tisa.

Merv, lipo. Linapanda na kushuka zaidi ya mara nne, kwa miaka minne na miezi mitano, na nyota zinagawanyika upande kwa upande kama zinavyotakiwa. Bila miaka yako, uwezekano kwamba ni bahati tu ulikuwa moja kati ya thelathini. Nikiwa nayo ni moja kati ya elfu nne. Hatutasema tumeyapata mashimo mawili. Tutasema mahali pale kuna kitu kinachofanya kama mawili, na madishi mengine yatazame. Lakini nilitoka ofisini nikaketi ngazini.

Kwenye kura ya tarehe 12 nilisimama nikaweka kebo iliyotafunwa juu ya meza. Mmoja akauliza kama vipimo vya mtu aliyeficha jambo miaka kumi na saba vinaweza kuaminiwa. Nikamjibu kwamba mtu huyo ametuletea kosa lake kwa lori, lina urefu, lina saa, lina meno. Nikamwuliza makosa yake yeye yako wapi. Kura: thelathini na nane dhidi ya tano. Siku zote 2,737 zimebaki.

Mambo mawili. La kwanza, walitaka kukuweka kwenye aya ya shukrani. Nilikataa. Utakuwa miongoni mwa waandishi, kwa mpangilio wa herufi.

La pili ni gumu zaidi. Lazima makala ieleze lile ruka. Wenzangu wameandika hivi, kwa nia njema, ili usiumizwe na wasomaji wala Bwana Ashdown asiulizwe: “Mabadiliko ambayo hayakurekodiwa yalitokea katika mfumo wa saa mwanzoni mwa mwaka 2006, na yamesahihishwa.” Hakuna jina la mtu. Nadhani ni la heshima. Naomba ridhaa yako kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi.

Na umwambie Noreen ahsante kwa ule unga.

Linh


Burrendah
25 Mei 2023

Linh,

Kuhusu unga ameshaungama. Nimemsamehe kwa masharti.

Barua yako niliisoma shambani, kwenye ua wa kituo, upande ambao kondoo wa jirani hulala kivulini mwa dishi. Lilikuwa linageuka. Sijui linapima nini siku hizi, hawaniambii. Nilisimama hapo hadi likafika lilipokuwa linakwenda. Mimi si mtu wa kulia. Nilikuwa na vumbi machoni, na nilikuwa na ile miaka kumi na tisa ya vipimo.

Kuwa miongoni mwa waandishi nakubali. T iko karibu na mwisho. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alishanizoeza. Moja kati ya elfu nne nayo naikubali, ila nimeirudia kwa penseli kutokana na jedwali uliloniambatishia, nikapata moja kati ya elfu tatu mia tisa na sitini. Mmeikadiria kwa juu. Msiikadirie. Iandikeni ilivyo.

La pili nalikataa.

“Mabadiliko yalitokea.” Mvua hutokea. Hayo hayakutokea, yalifanywa, na aliyeyafanya ana jina. Nimesoma makala zenu za miaka thelathini, Linh. Kila kilichofaulu mle ndani kina jina la mtu, na kila kilichoharibika kimejiharibu chenyewe. Ndiyo maana ulisoma daftari ukurasa kwa ukurasa ukakosa. Atakuja mwingine baada yako, miaka hamsini kutoka leo, na vipimo vyangu 2,600 mkononi, na yeye atataka kujua ni nani alikuwa pale na alifanya nini hasa. Msimpe mvua.

Unasema wasomaji wataniumiza. Nina umri wa miaka sabini na mmoja na goti moja la chuma. Waumize.

Ashdown msimtaje. Yeye hakugusa kebo. Alisema maneno, na maneno hayana nanosekunde.

Sentensi nimeiandika mwenyewe, iwekeni kama ilivyo, koma na yote:

“Tarehe 14 Februari 2006, saa tano na dakika ishirini asubuhi, baina ya nyota ya tisa na ya kumi, kebo ya saa ilitafunwa na ndege kwa kuwa M. J. Tregilgas aliacha mlango wazi, M. J. Tregilgas aliibadilisha kwa nyingine iliyozidi nanosekunde 68.3, hakuandika, na alikuwepo.”

Wakisema ni ndefu, waambie nimeshakata nilichoweza. Wakitaka kuondoa neno la mwisho, toeni jina langu kwenye orodha ya waandishi, lakini hilo liacheni.

Merv